Nilivyotembea London Kufuata Habari za Damu

Wasomaji wengi wa gazeti hili wamekwisha kusoma habari za London: jumba la Mfalme, askari wenye kofia ndefu za manyoya, na mto Thames na daraja lake linaloinuka kupisha meli. Hayo yote nimeyaona, wala sitayarudia, maana waliotangulia wameyaeleza vizuri. Nataka kueleza safari nyingine ndani ya mji huo huo, safari ya siku moja niliyotembezwa na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayesomea udaktari katika chuo kilichoko Whitechapel, upande wa mashariki wa mji.

Nilipofika kwake alikuwa katikati ya masomo ya majeraha, yaani ajali za motokaa, visu, risasi, na watu walioanguka kutoka juu. Na hasa jinsi mtu anavyokufa kwa kupoteza damu. Hakuwa na neno jingine kinywani mwake. Nikamwambia, "Basi nionyeshe mambo hayo, nami nikirudi nitawaandikia wenzetu." Akacheka, akasema, "Mjomba, hutaruhusiwa kuingia wodini. Lakini habari yenyewe imeandikwa katika barabara za mji huu. Vaa viatu vizuri tu."

Tulianzia Whitechapel kwenyewe. Barabara kuu ni pana, na kando yake kuna soko la vibanda ambalo lingempendeza mtu wa kwetu, kwa kuwa wauzaji wengi ni Wabangali, na juu ya meza zao niliona bamia, tangawizi, pilipili, maembe na samaki wakubwa. Ng'ambo ya soko ndiko iliko hospitali ya Royal London, iliyoanzishwa mwaka 1740 kwa ajili ya maskini na mabaharia. Jengo la zamani limekuwa ofisi za baraza la mji tangu mwaka 2023, na nyuma yake limesimama jengo jipya refu la vioo vya rangi ya buluu. Juu ya paa lake, orofa ya 17, kuna uwanja wa kutulia helikopta. Tulipokuwa tukitazama bamia, ndege nyekundu ikaondoka juu yetu kwa kishindo kikubwa, na wale wauzaji hawakuinua hata vichwa vyao.

Ndani ya ndege hiyo huwamo daktari. Kazi hiyo ilianza mwaka 1989, na tangu 2012 ndege huchukua na damu ya kuwaongeza watu pale pale barabarani walipoanguka. Usiku hutumia motokaa badala ya ndege. Nilimwuliza mpwa wangu kwa nini wasimpakie mgonjwa upesi wakamleta damu iliko. Akanijibu kwamba kwa majeruhi wengine njia ile, ijapokuwa fupi, ni ndefu kuliko uhai waliobakiwa nao.

Tukaingia katika mkahawa mdogo tukaagiza chai, naye akanipa somo ambalo nitajaribu kulieleza kama alivyonieleza.

Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 70 ana damu ya lita tano hivi. Tuseme ni chupa kumi za soda, zile za nusu lita. Akipoteza chupa moja na nusu, huenda mtu wa kando asitambue lolote. Akikaribia chupa tatu, moyo wake unapiga zaidi ya mara mia kwa dakika, ngozi imepauka na ni ya baridi, jasho jembamba limemtoka usoni, ana kiu, na ana wasiwasi asioweza kuueleza. Walakini akipimwa nguvu ya damu kwa kile kitambaa cha kufunga mkononi, kipimo chaweza kuonekana karibu sawa na cha mtu mzima wa afya. "Hapo ndipo sisi wanafunzi hudanganyika," akasema. Zikipita chupa tatu, nguvu ya damu huanguka, na mgonjwa huanza kusema maneno yasiyo na mpango, au hukasirika na kutaka kuinuka aende zake. Zikipita nne, yu karibu na kufa.

Kwa nini kipimo hudanganya? Wakulima wanaomwagilia mashamba kwa mifereji watanielewa upesi. Maji yapungukapo, mwenye shamba mwenye akili huziba vijia vya kando ili mfereji mkubwa uendelee kujaa. Mwili nao hufanya hivyo. Huibana mishipa ya ngozi, ya tumbo na ya figo, ili damu iliyobaki iende kwenye moyo na ubongo. Ndiyo sababu mikono huwa ya baridi wakati moyo unapokwenda mbio. Lakini shamba lililofungiwa maji hunyauka, na viungo vilivyonyimwa damu huanza kuharibika na kutoa asidi, na asidi hiyo huudhoofisha moyo wenyewe. Kijana mwenye nguvu huweza kuziba vijia hivyo kwa muda mrefu kuliko mzee. Kwa hiyo huonekana mzima, huzungumza na hata hutania, kisha huanguka ghafula, na kumrudisha ni vigumu sana.

Hali hiyo ndiyo madaktari wanaoiita mshtuko. Sipendi sana neno hilo, maana kwetu mtu aliyeshtuka ni yule aliyeona nyoka au aliyeletewa habari mbaya, na dawa yake ni kupewa maji ya kunywa na kutulizwa. Mshtuko wa waganga ni kitu kingine kabisa: ni damu kutofika inakotakiwa. Nimeona watu wa kwetu, kwa wema wao, wakimketisha aliyeanguka na bodaboda, wakimpepea na kumnywesha soda, wakisema ameshtuka tu, atapona. Mpwa wangu alisema mtu huyo alazwe chini, asinyweshwe kitu, na badala ya kupepewa afunikwe blanketi hata kama jua ni kali, kwa kuwa damu iliyopoa haigandi vizuri, na damu isiyoganda huendelea kutoka. Kidonda kinachovuja kikandamizwe kwa nguvu kwa kitambaa na mikono miwili, bila kufunua kila mara kuchungulia. Kisu kilichokwama mwilini kiachwe palepale, maana huenda ndicho kilichoziba mshipa. Kama ni mkono au mguu unaotoa damu isiyozuilika, ufungwe kwa ukanda mpana juu ya jeraha, ukazwe hasa, na saa ya kufunga iandikwe.

Kisha akaniambia jambo ambalo husemwa na walimu wao kila siku, kwamba damu itafutwe sakafuni na mahali pengine panne: kifuani, tumboni, nyongani na katika mapaja. Mfupa wa paja ukivunjika, chupa mbili au tatu zaweza kujificha ndani ya nyama bila tone moja kuonekana nje. Jambo hilo lilinikaa moyoni, maana sisi hupima ajali kwa wingi wa damu iliyomwagika barabarani.

Tulipanda basi mpaka Smithfield, penye soko maarufu la nyama. Karibu nalo iko hospitali ya Mtakatifu Bartholomayo, iliyoanzishwa mwaka 1123 na ambayo haijahama mahali pake tangu hapo. Juu ya lango lake imesimama sanamu ya Mfalme Henry wa Nane, na ndani kuna ua mzuri wenye chemchemi na viti vya kupumzikia. Hapa ndipo alipokuwa daktari William Harvey tangu mwaka 1609. Mpaka siku zake waganga waliamini kwamba damu hutengenezwa ndani ya ini kutokana na chakula, kisha hunyonywa na mwili na kwisha, kama maji yanavyonyonywa na udongo. Harvey akafanya hesabu. Akasema, hata tukikadiria kwamba moyo hutoa damu kidogo sana kila upigapo, kwa nusu saa itakuwa imetoka nyingi kuliko damu yote ya mwili. Chakula gani kingeweza kutengeneza hiyo yote? Basi lazima damu ni ile ile, inazunguka na kurudi. Kitabu chake kilipigwa chapa Frankfurt mwaka 1628, kwa lugha ya Kilatini.

Mpwa wangu alinifanyia palepale jaribio moja lililomo katika kitabu hicho. Alivua tai yake akanifunga juu ya kiwiko, si kwa kukaza mno. Mishipa ya mkono ikatuna, na juu yake yakaonekana mafundo madogo. Akaukamua mshipa mmoja kwa kidole kutoka fundo moja hadi jingine kuelekea juu, na sehemu ile ikabaki tupu. Damu haikuweza kurudi nyuma, kwa kuwa mafundo yale ni milango inayofunguka upande mmoja tu, upande wa moyo. Bibi mmoja aliyeketi karibu nasi alitutazama kwa mashaka. Nadhani alifikiri tunapigana kwa adabu. Hospitali hiyo leo inashughulika hasa na magonjwa ya moyo na ya saratani, jambo ambalo Harvey angelifurahia.

Kutoka hapo ni kama nusu saa kwa miguu mpaka ng'ambo ya mto, mtaa wa Southwark. Kando ya steshini ya London Bridge kuna kanisa la zamani la Mtakatifu Thomas. Unapanda ngazi 52 nyembamba zinazojizungusha kama kamba, hata unafika chini ya paa, na hapo unakuta chumba cha kupasulia wagonjwa kilichojengwa mwaka 1822 kwa ajili ya wanawake maskini. Hospitali ilipohama mwaka 1862 chumba kilizibwa kikasahauliwa, mpaka kilipofumbuliwa mwaka 1956. Na tangu 1962 ni mahali pa makumbusho. Meza ya mbao iko katikati. Kuizunguka kuna madaraja ya mbao kama kwato la farasi, ambapo wanafunzi walisimama wakisongana kutazama. Dawa ya usingizi ilikuwa haijajulikana, maana ilifika London Desemba 1846. Chini ya meza liliwekwa sanduku la unga wa mbao la kupokea damu, na daktari alilisogeza kwa mguu wake. Hata chini ya sakafu walijaza unga wa mbao, damu isije ikapenya ikawadondokea watu waliokuwa wakisali chini.

Nilisimama mahali pa wanafunzi. Walijua tangu Harvey kwamba damu inazunguka. Walijua kwamba inapokwisha mtu hufa. Na wakitoka darasani baadhi yao walikwenda kumtoa mgonjwa damu zaidi kwa kumchanja, wakiamini ni dawa. Ujuzi wa jambo na matumizi yake ni vitu viwili vinavyoweza kukaa mbalimbali kwa muda mrefu.

Aliyejaribu kuviunganisha katika mtaa huo huo ni James Blundell, daktari wa wazazi. Alikuwa amewaona wanawake wakitokwa na damu baada ya kuzaa mpaka wakafa mbele yake, naye hana la kufanya. Akawajaribia mbwa, akatambua kwamba damu ya mnyama wa jamii moja haimfai wa jamii nyingine, na kwamba mtu atapona kwa damu ya mtu tu. Desemba 1818, miaka 190 baada ya kitabu cha Harvey, alimtia mgonjwa damu ya watu wengine. Mgonjwa yule alikuwa na saratani ya tumbo, akafa baada ya siku mbili hivi. Blundell hakuacha. Mwaka 1829 alitangaza habari za mwanamke aliyekaribia kufa baada ya kuzaa, akatiwa kadiri ya nusu ya chupa yetu ya soda kutoka mkononi mwa mwanamume mmoja, akapona. Wengine walikufa, na sababu yake haikujulikana mpaka Karl Landsteiner wa Vienna alipogundua makundi ya damu, mwaka 1901.

Hapo mpwa wangu alinyamaza kidogo, nami nalijua kwa nini. Dada yake mkubwa alifariki katika kuzaa. Mahali alipopelekwa palikuwa na mkunga, palikuwa na daktari, palikuwa na taa na visu safi. Damu ya kundi lake haikuwapo, na gari lililotumwa kuifuata lilirudi asubuhi. Mtoto yu hai. Hatukulizungumza jambo hilo kwa urefu. Alisema tu kwamba damu ya mzazi hukadiriwa kwa macho, na macho siku zote huiona kuwa kidogo. Mwaka 2023 ilitangazwa habari ya kazi iliyofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ambapo mama aliyezaa aliwekewa mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, damu ikapimwa badala ya kukisiwa, na matibabu yote yakatolewa mara moja kwa pamoja. Hatari ya kutokwa na damu nyingi mno ilipungua kwa asilimia 60. Mfuko wenyewe ni kitu ambacho mtu yeyote angeuona kuwa si kitu.

Zipo na dawa. Mwaka 2010 chuo kimoja cha London kilichapisha matokeo ya jaribio la dawa ya kusaidia damu iliyoganda isiyeyuke, iliyogunduliwa Ujapani na Bibi Utako Okamoto na mumewe. Majeruhi zaidi ya 20,000 katika nchi 40 walihusika. Dawa hiyo huokoa watu ikitolewa mapema. Zikipita saa tatu tangu kuumia haifai tena, na huenda ikadhuru. Lakini hakuna dawa wala maji ya chumvi yawezayo kushika mahali pa damu. Maji yakitiwa mengi mshipani, akasema, ni kama chai iliyoongezwa maji: kikombe kimejaa, chai haimo.

Basi damu hutoka wapi? Jibu la swali hilo lilitupeleka kwa gari la moshi mpaka Peckham Rye. Huko hakuna hospitali kubwa wala makumbusho. Ni nyumba za kawaida za watu wa kazi, zilizopangwa kwa safu, kando ya uwanja wa majani. Katika barabara iitwayo Colyton, nyumba nambari 5 ina kibao cha duara cha rangi ya buluu ukutani, nacho ni cha kumkumbuka Percy Lane Oliver.

Nami nawaomba makarani wenzangu wasikilize vizuri, maana bwana huyu hakuwa daktari. Alikuwa mtumishi katika ofisi ya baraza la mji wa Camberwell, na nje ya kazi alikuwa katibu wa tawi la Msalaba Mwekundu. Siku moja mwaka 1921 hospitali ya King's College iliyo jirani ikapiga simu: yuko mgonjwa, anahitaji damu sasa hivi, mko na mtu? Oliver na wenzake wachache wakaenda, na damu ya mmoja wao, muuguzi, ikamfaa mgonjwa. Wengine wangalirudi nyumbani wakasimulia kisa hicho wakati wa chakula. Oliver alitafuta kadi. Akaandika majina ya watu waliokuwa tayari kutoa damu bila malipo, kundi la damu la kila mmoja, mahali anapokaa na jinsi ya kumpata, usiku au mchana. Wakati ule damu ilikuwa bado haiwekwi akiba, hivyo aliyeitwa alikwenda mwenyewe mpaka kitandani kwa mgonjwa. Simu ilikuwa nyumbani mwake, na yeye na mkewe Ethel waliipokea. Nyumba hii ya Colyton ndiyo iliyokuwa ofisi tangu mwaka 1928.

Vita vilipokuja mwaka 1939 mambo yakapanuka. Daktari Janet Vaughan na wenzake walikuwa wamekwisha kupanga vituo vya akiba ya damu kuuzunguka mji, na damu iliwekwa katika chupa zilizofanana na za maziwa, ikapelekwa hospitalini kwa magari yaliyokuwa ya kuuzia barafu tamu. Oliver alikufa mwaka 1944. Idara ya damu ya taifa zima ikaundwa mwaka 1946.

Tukiwa mbele ya nyumba ile nilikumbuka mambo ya kwetu. Baada ya mlipuko wa Nairobi wa tarehe 7 Agosti 1998, na tena Septemba 2013 baada ya shambulio la Westgate, watu wa Kenya walipanga foleni ndefu kutoa damu, matajiri na maskini, wa kila kabila na dini. Wema haukupungua. Nikamwambia mpwa wangu hivyo. Akakubali, lakini akasema damu iliyotolewa saa nne haiingii mkononi mwa mtu saa tano. Ni lazima ipimwe kundi lake, ipimwe virusi vya UKIMWI, homa ya ini na kaswende. Anayevuja damu saa hii ataokolewa na yule aliyetoa juma lililopita, siku ambayo hapakuwa na ajali yoyote na hakuna aliyemwita. Na kwa kuwa katika nchi hiyo chembe nyekundu huwekwa siku 35 tu, kisha hutupwa, foleni ya siku moja haitoshi hata ingekuwa ndefu namna gani.

Nilitaka kutoa damu yangu huko huko. Haikuwezekana, mgeni aliyetoka karibuni katika nchi yenye malaria hakubaliwi. Yeye ameishi kule muda wa kutosha, na amepimwa. Tena damu ya watu wenye asili ya Afrika inatafutwa sana Uingereza, kwa ajili ya wagonjwa wa selimundu, ambao huhitaji damu inayolingana na yao kwa karibu. Kwa hiyo asubuhi ya pili nilimsindikiza mpaka kituoni, nikaketi nikimngojea. Walimtoboa kidole kwanza kupima kama damu yake inatosha, kisha akalala kwenye kiti cha kuegemea kwa dakika kumi hivi, akisoma daftari lake la masomo kwa mkono mmoja. Walichukua mililita 470, haikutimia hata chupa moja. Akapewa kinywaji na biskuti mbili, akaambiwa arudi baada ya majuma 12, tukatoka kutafuta basi.